Gobore Lililoandikwa Tupu

Hapo zamani. Nikisema hapo zamani, nanyi semeni "tupo". Na mwenye usingizi aende zake sasa hivi, kwa sababu nikimaliza nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie eti hakusikia vizuri.

Hapo zamani, wala si zile za wanyama kusema, ni zamani za juzi juzi tu, palikuwa na kambi ya jeshi katikati ya msitu wa miombo. Msiniulize nimeyajuaje. Nilikuwa mpishi wa kambi ile. Nilikuwepo, mwiko mkononi, na niliona kwa macho haya mawili.

Kambi ile ilikuwa na mambo yake matatu siku ya kiapo. Yashikeni, maana bila hayo hamtaelewa kitu.

La kwanza, kuruta akishaapa huvishwa bereti na mtu wa kwao. Baba, mama, shangazi, yeyote wa damu. Asiye na mtu uwanjani siku hiyo haapishwi, anangoja kundi la mwaka unaofuata.

La pili, kuruta akitoka mstarini kabla kiapo hakijaisha, basi tena. Anarudi kwao, na mlango wa jeshi haufunguliwi kwake maisha yake yote.

La tatu, siku hiyo mkuu wa kambi alikuwa na msamaha mmoja. Kosa lolote, la mtu yeyote, alikuwa na uwezo wa kulifuta kabla wageni hawajainuka kwenda kula. Lakini mmoja tu. Si wawili, si mmoja na nusu.

Haya. Katika makuruta wa mwaka ule alikuwamo msichana aitwaye Nyamizi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Hakuwa na kaka, hakuwa na dada, hakuwa na shangazi. Alikuwa na baba tu, Mzee Mihayo, mrina asali, aliyekaa ndani kabisa ya msitu, mwendo wa siku mbili kwa baiskeli. Mzee huyo asipofika, Nyamizi haapi. Mmenielewa? Mzee ndiye aliyekuwa kila kitu.

Na mzee alifika! Saa mbili na nusu asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope, akiikokota baiskeli yenye pancha. Kiapo kilikuwa saa nne. Langoni alikuwapo Koplo Mwampashi, kijana wa watu, mpole, mwenye kucheka na kila mgeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumvisha binti yangu. Nyamizi."

"Ooh, baba Nyamizi! Karibu sana. Sasa hicho mgongoni ni nini?"

"Gobore langu. Na kibali chake hiki hapa."

Hakulificha, jamani. Nasema hili mapema kwa sababu wapo watu wa kumwonea. Alilivua mwenyewe mgongoni, akatoa kibali kilichofungwa kwenye nailoni, kikiwa na mhuri na picha yake. Koplo akakisoma, akakirudisha.

"Kibali ni kizuri, mzee. Silaha ya mgeni inaachwa hapa, tunaiandika, ukitoka unapewa. Ila lazima iwe tupu. Hebu toa ulichoweka ndani."

Mzee Mihayo akamtazama.

"Halitolewi, mwanangu. Hili linashindiliwa kwa mdomoni. Baruti, tambara, vipande vya chuma, tambara tena. Vikishaingia vimeingia. Vinatoka kwa moto tu."

"Kwa hiyo sasa hivi lina kitu?"

"Limejaa."

"Na kwa nini ulilijaza, unakuja kwenye kambi ya jeshi?"

"Simba. Asubuhi hii walikuwa watatu pale mtoni, wamelala katikati ya njia kama kwao. Wewe ungepita na fimbo?"

Koplo akavua kofia, akajifuta jasho. Alikuwa mtu wa mjini yule, amezoea bunduki unazozivuta risasi zikatoka zenyewe. Gobore alikuwa akilisikia tu.

Mzee akasema, "Nilifyatulie hapa nje basi, liishe."

"Thubutu! Waone wale kule juu mnarani. Wana amri, bunduki ikilia langoni nao wanajibu kwa bunduki. Hawaulizi ni mzee wa nani."

"Basi nirudi nalo mtoni nikalifyatulie huko, wasikosikia hawa."

"Saa moja na nusu kwenda, mzee, saa moja na nusu kurudi. Na baiskeli yenyewe hiyo."

"Nilifiche kichakani?"

"Kibali chako kinasemaje?"

Mzee alikijua kibali chake kwa moyo. Kilisema silaha isitoke mikononi mwake ila kwenda mikononi mwa serikali.

Huku ndani bendi ikaanza kupiga. Makuruta wakaanza kuingia uwanjani. Mzee akasikia zile buti, du! du! du! akajua mwanawe yumo humo, naye yuko hapa nje na chuma chake.

Akafanya alichoweza. Akaondoa fataki, ile kofia ndogo ambayo nyundo ya gobore huigonga ikawasha baruti. Akaitia kwenye kifuko chake pamoja na nyingine. Akasema, "Sasa limelala. Nyundo ikigonga, inagonga chuma kikavu. Lakini si tupu, mwanangu. Nakwambia, si tupu."

Koplo akafungua daftari. Daftari lile, wapendwa, lilipigwa chapa mjini na watu wasiojua msitu. Lilikuwa na sehemu moja tu ya hali ya silaha. Unaandika tupu, au humpokei mwenyewe. Hakuna pa kuandika "limejaa lakini limelala".

Koplo akaangalia saa. Akaangalia mnara. Akamwangalia yule mzee na vumbi lake. Kisha akaandika, na alipokuwa akiandika alisoma kwa sauti:

"Gobore moja. Tupu. Mwenyewe, Mihayo. Mzee, weka dole hapa."

Mzee Mihayo alisikia vizuri sana. Dole likakaa hewani hivi. Kisha likatua kwenye karatasi.

Hapo ndipo mimi ninapowaka. Niacheni niwake kidogo. Watu wawili wazima, wote wanajua, mmoja anaandika na mwenzake anathibitisha! Haya, nimepoa. Tuendelee.

Mzee akakabidhi gobore na kifuko cha fataki, akaingia mbio. Wakamkalisha mbele, wakampa bereti aishike. Mikono yote miwili akaishikia ile bereti. Nyamizi akamwona kutoka mstarini. Hakuruhusiwa kucheka, lakini macho yake yalicheka, mimi niliyaona nikiwa mlangoni mwa jiko.

Sasa akaja mtu wa tatu. Sajenti Chilongani, mtunza ghala la silaha. Yule alikuwa mtu wa sheria mpaka kwenye kucha. Akila, hesabu zake ni tonge kwa tonge, akilala amejipanga. Watu walimcheka, lakini miaka kumi na tisa ghala lake halikupoteza hata msumari.

Akapitia langoni, akachukua gobore, kifuko na karatasi. Karatasi ilisema tupu.

Ghalani kwake palikuwa na kanuni. Silaha haiingii mpaka ihakikishwe. Unaielekeza kwenye viroba vya mchanga vilivyopangwa nje, vinafika kiunoni, unafyatua. Ikilia "ta", ni tupu, inaingia. Na Sajenti, mtoto wa Ugogo, alikulia kwenye nyumba yenye gobore. Alijua kwamba gobore lisilo na fataki ukilifyatua hujahakikisha kitu. Ukitaka uhakika, unaweka fataki. Likiwa tupu, fataki italia peke yake, "ta", basi. Ndivyo babu zake walivyofanya, na walifanya sawasawa.

Kwa hiyo afanye nini? Akafungua kifuko, akachukua fataki moja, akaipachika mahali pake. Na ili cheche zisiunguze viroba, akarudi nyuma hatua nne. Kutoka mbali hivyo, vyuma vya gobore hutawanyika, na vingine hupita juu ya viroba.

Nyuma ya viroba vile, siku zote, palikuwa na kichuguu kirefu na msitu. Lakini siku hiyo wageni walikuwa wengi, na turubai la pili lilifungwa pale pale, nyuma ya viroba. Chini ya turubai walikaa kina mama na watoto wao. Kulikuwa na mama mmoja aliyembeba mtoto begani, mtoto anatazama huku tuliko sisi, ananyonya kidole.

Uwanjani kiapo kimeanza. Mkuu wa kambi, Kanali Ndomba, anasema neno, makuruta wanarudia.

"Mimi naapa!"

"Mimi naapa!"

"Kwamba nitailinda nchi yangu!"

"Kwamba nitailinda nchi yangu!"

Nyamizi alikuwa mstari wa kwanza, mwisho kabisa, upande wa ghala. Hatua thelathini tu. Kwa pembe ya jicho akaona gobore. Si gobore lolote, la baba yake, lenye kitako kilichofungwa kwa ngozi ya swala. Akaona fataki inapachikwa. Akaona mtutu unainuka. Akaona turubai.

Na alimjua baba yake. Tangu utoto wake hajawahi kumwona akipita msitu ule na gobore tupu. Hata siku moja.

"Na watu wake!" akasema Kanali.

"Na watu wake!" wakarudia makuruta wote. Wote ila mmoja.

Nyamizi ametoka mstarini. Anakimbia! Bereti ikamdondoka baba yake mapajani. Mkufunzi akapiga ukelele, "Kuruta! Rudi!" Harudi. Sajenti ameshafunga jicho moja. Kidole kimeshaingia kwenye kifyatulio. Msichana akajitupa, akaupiga mtutu kwa kiganja kwenda juu.

DUUU!

Jamani. Niliangusha sufuria. Vyuma vikapita juu ya turubai, vikakata kamba, upande mmoja wa turubai ukawalalia kina mama. Moshi mweusi. Watoto wakalia. Na wale wa mnarani wakashusha mitutu yao, mmoja akamlenga Nyamizi, mmoja akamlenga Mzee Mihayo aliyekuwa amesimama anapiga mayowe, "Mwanangu! Mwanangu!"

"Asifyatue mtu!" Kanali akanguruma. "Mitutu juu! Asifyatue mtu!"

Watu wakatolewa chini ya turubai mmoja mmoja. Wakahesabiwa, wakakaguliwa. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyechubuka. Yule mtoto alikuwa bado na kidole mdomoni. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Lakini jeshi ni jeshi. Watu wanne wakasimamishwa mbele ya jukwaa. Kanali akawa mweusi kwa hasira.

"Mzee Mihayo, umeweka dole kwenye uongo. Kibali kinafutwa na unakwenda jela. Koplo Mwampashi, umeandika uongo kwenye daftari la lango. Cheo kinavuliwa na kifungo juu. Sajenti Chilongani, umefyatua silaha kuelekea wageni. Mahakama ya jeshi. Kuruta Nyamizi, umetoka mstarini kiapo hakijaisha. Unarudi kwenu leo, na hutarudi hapa."

Watu wakaguna chini ya maturubai.

"Nina msamaha mmoja," akasema Kanali. "Chakula kikitangazwa, umekwisha. Kila mmoja aseme lake, kwa kifupi."

Koplo akaanza. Ule uchekaji wake wote ulikuwa umekwisha.

"Afande, ningemrudisha yule mzee mngeniita katili. Nimempokea mnaniita mwongo. Daftari halina pa kuandika kweli. Na kama aliyefyatua angeniuliza neno moja tu, 'Koplo, una hakika?', ningemwambia. Hakuniuliza. Na kuna jambo jingine." Akamtazama Nyamizi, akayahamisha macho. "Juzi kuruta huyu alinifuata. Akaniambia, 'Afande, baba yangu akija, tafadhali usimrudishe kwa lolote.' Na mimi nina binti. Nilifanya nilichoombwa. Naomba msamaha uwe wangu."

Ala! Hilo hatukulijua. Minong'ono ikapanda.

Mzee Mihayo akasogea. Bereti bado anayo.

"Mkuu, mimi mdomo wangu ulisema kweli tangu mwanzo. Nilisema limejaa. Nikasema tena, si tupu. Dole langu ndilo lililodanganya, mara moja. Lakini lilimdanganya nani? Aliyeandika alijua, na mimi nilijua kwamba anajua."

"Lilimdanganya aliyesoma," akasema Kanali.

Mzee akainamisha kichwa. "Hapo ni kweli. Ila mkuu, huyu mtoto nimemlea peke yangu. Angengoja mwaka mwingine kwa sababu ya chuma changu? Na mimi mwaka mwingine nitakuwepo? Niliogopa. Basi, niliogopa tu. Jela nikiingia kwa umri huu sitoki. Naomba nitoke, nife kwangu."

Mlidhani atasema "mpeni binti yangu", siyo? Hata mimi nilidhani. Hakusema. Kuomba asife jela nako ni haki ya mtu.

Nyamizi akasimama mguu sawa, vumbi shavuni, kiganja kimeungua.

"Afande, ni kweli nilimwomba Koplo. Na nilijua baba atakuja na gobore, na nilijua litakuwa limejaa. Sikusema. Niliona ni aibu, wenzangu baba zao wanakuja na mabasi, wangu anakuja na gobore. Nikadhani langoni watajua la kufanya, wao ndio wanajeshi. Hilo ni kosa langu na linaniuma." Akavuta pumzi. "Lakini kiapo kilisema nilinde watu. Sikungoja maneno yaishe. Wenzangu wote walitamka kwamba watawalinda, wakabaki wamesimama. Mimi sikutamka, nikaenda. Baba yangu nampenda, lakini naomba msamaha uwe wangu. Mlango huu ukifungwa leo, kwangu umefungwa moja kwa moja."

Mzee akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama mbele. Mioyo yetu ilituuma sisi tuliokuwa tukiangalia, sembuse wao.

Akabaki Sajenti. Huyo hakusogea hata hatua.

"Afande, mimi nimefuata kanuni yote, neno kwa neno. Silaha ihakikishwe, nimehakikisha. Karatasi isomwe, nimesoma. Mwanajeshi asipoamini daftari la lango, aamini nini? Kila mmoja hapa alijua gobore limejaa. Mzee alijua. Koplo alijua. Kuruta alijua. Peke yangu sikujua, na kidole kilikuwa changu. Mnasema ningeuliza. Sawa, ningeuliza, mwenye gobore alikaa hatua hamsini kutoka kwangu, na nitalijutia hilo. Lakini turubai?" Hapo sauti yake ikapanda, na sijawahi kuisikia ikipanda. "Jumatatu nilikwenda ofisini kwa mkubwa. Nikasema, turubai la pili lisifungwe nyuma ya viroba vyangu, pale ni mahali pa kufyatulia. Nikajibiwa, 'Sajenti, siku ya kiapo hakuna atakayefyatua kitu. Funga mdomo, fungeni turubai.'"

"Nani alikujibu hivyo?" akauliza Kanali.

"Wewe, afande."

Nyie! Maturubai mawili ya watu, makuruta mistari minne, wote wakamgeukia Kanali Ndomba. Yeye akaangalia lile turubai lililolala upande, na kina mama waliokaa juani kwa sababu yake.

Angeweza kukana. Nani angemwamini Sajenti? Hakukana.

"Ni kweli," akasema. "Nilisema hivyo hivyo."

Akashuka jukwaani, ngazi moja moja. Akaenda akasimama mwisho wa ule mstari, baada ya Sajenti, uso ameuelekeza kwa wageni. Wakawa watano: aliyeweka dole, aliyeandika, aliyefyatua, aliyenyamaza kisha akakimbia, na aliyeambiwa akakataa kusikia.

"Na mimi nina kesi," akasema. "Na mimi nina watoto. Siwezi kushika msamaha huku ninautamani. Nyinyi mliokaa mbele ya mtutu ndio mtaamua. Mmoja tu. Semeni jina, nami nitalitia saini, hata lisipokuwa langu."

Wageni wakatazamana. Yule mama mwenye mtoto begani akasimama, wa kwanza. Akasema jina. Mwingine akainuka nyuma yake, akasema jina jingine kabisa. Wa tatu akapinga wote wawili. Makelele yakazuka, na mimi huku nimeshikilia kengele ya chakula, saa sita imefika, siwezi kuipiga. Nikiipiga, hakuna atakayesamehewa.

Basi kengele bado ninayo mkononi, nanyi ndio mmekaa chini ya turubai. Wewe hapo mbele, usinitazame mimi. Watazame wao watano, kisha unijibu: je, nani alistahili ule msamaha mmoja?